Dawa ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilipokuwa shule ya msingi niliukariri msemo huu kama kasuku na kuuandika katika insha nyingi ili nimpendeze mwalimu. Sikujua kwamba siku moja ungekuja kupiga hodi nyumbani kwetu. Msomaji mpenzi, keti kitako nikusimulie jinsi dawa moja ilivyoazimwa mara mbili. Mara ya kwanza iliazimwa na madaktari wa ulimwengu, na mara ya pili iliazimwa na jirani yetu hapa Kagio. Wenzangu chamani waliponiuliza habari za vidonge zinatafuta nini katika jarida la Kiswahili, niliwaambia wangoje kidogo. Kiswahili kimo humo humo.

Kwanza niseme jambo moja. Yanayomhusu shangazi yangu nimeyaandika kwa idhini yake. Nilimsomea karatasi hizi zote jikoni huku akichambua maharagwe. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika, lakini jina langu liache." Sisi nyumbani humwita Tata, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka wa 2020, nikiwa darasa la tano. Tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, mwana wa Nyeri, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Sisi watoto tulishangilia kama waliopewa likizo ya bure. Ama kweli, mtoto akililia wembe mpe. Tarehe 27 kafyu ikaanza, na kufikia saa moja jioni barabara ya Kagio, ambayo kwa kawaida haikosi mkokoteni wa nyanya wala lori la vitunguu, ilikuwa kimya kama makaburini.

Wakati huo Tata alikuwa akiuza githeri na chai sokoni. Alikuwa pia na siri. Ndani ya kopo la majani chai, juu ya kabati, aliweka chupa ya vidonge. Alivimeza viwili asubuhi na viwili jioni, hakosi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma ile karatasi ya chupa, kwa maana nilikuwa mtoto wa kusoma kila kitu, hata gazeti lililofungia nyama. Nikamwuliza mama. Mama alinieleza kwa ufupi kwamba Tata anaishi na virusi vya UKIMWI, kwamba dawa hizo zinamweka mzima kama sisi sote, na kwamba maneno ya nyumba hii huishia mlangoni. Tata mwenyewe alikuwa akipanda matatu kwenda kliniki mbali, upande wa Embu, ili asikutane na mtu wa Kagio katika foleni.

Nilitunza siri hiyo mpaka redio iliponiponza. Mwezi huo huo wa Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba litajaribu dawa zilizokuwapo tayari ili kuona kama zingetibu korona. Mtangazaji alitaja dawa ya malaria, akataja dawa iliyokuwa imejaribiwa kwa Ebola, kisha akataja dawa za UKIMWI ziitwazo lopinavir na ritonavir. Niliruka kutoka kitini. Majina hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye chupa ya Tata! Nilijiona mtoto wa watu wakubwa. Kesho yake, tukicheza na pacha wa jirani nyuma ya nyumba, mmoja wao alisema korona haina dawa. Nami, kwa kiburi cha kujua, nikamjibu, "Kwenu ndiko haina. Kwetu iko. Tata anayo."

Ulimi hauna mfupa. Maneno hayo yalinitoka, na tangu siku hiyo sijaweza kuyarudisha.

Juma moja halijapita, Mama Pacha akaja kwetu usiku. Mama Pacha ni fundi wa cherehani, na siku hizo alikuwa akishona barakoa kwa vitambaa vilivyobaki vya sare za shule. Alipiga hodi kwa sauti ya chini, kwa sababu ya kafyu.

"Karibu, Mama Pacha. Kwani kuna nini saa hizi?" mama aliuliza.

"Baba Pacha ana homa siku ya tatu leo. Anakohoa mpaka kitanda kinatikisika. Anaogopa kwenda hospitali, ati akipatikana nayo atabebwa aende kuwekwa karantini." Akanyamaza, akatazama sakafu. "Nimesikia hapa kuna dawa."

Chumba kilinyamaza kimya. Mama aliniangalia. Tata pia aliniangalia, wala hakuhitaji kuuliza ni nani aliyesema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tata aliinuka, akashusha lile kopo, akahesabu vidonge ishirini na vinane, vya siku saba, akavifunga katika kipande cha gazeti. Mama alimshika mkono. "Na wewe utameza nini?" Tata akajibu, "Ana watoto, dada." Akampa.

Baba Pacha alimeza vidonge hivyo, na baada ya siku kama nane alikuwa ameketi nje akiota jua. Mama Pacha alilia kwa furaha. Alituletea kuku. Mpaka leo husema kwamba zile dawa ndizo zilizomtoa mumewe kaburini.

Lakini hebu tazama gharama yake. Vidonge vya Tata viliisha siku saba kabla ya tarehe yake ya kliniki. Matatu zilikuwa zikibeba abiria nusu na nauli ilikuwa imepanda. Alikaa siku mbili bila dawa akitafuta nauli, kisha akaenda. Muuguzi alihesabu na kumwambia kwamba hesabu haikubaliani. Alimweleza pia, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba virusi vikipata mwanya hujifunza kuizoea dawa, na dawa hizi alizonazo zilikuwa za kundi la pili, baada ya zile za kwanza kushindwa. Si kwamba kulikuwa na kabati lililojaa dawa nyingine zikimngoja.

Gharama nyingine ilitoka sokoni. Mama Pacha hakusema neno kwa mtu. Waliosema ni watoto, kama nilivyosema mimi. Mwezi wa Juni ulipofika, sufuria ya githeri ya Tata ilikuwa ikirudi nyumbani nusu. Wateja waliokuwa wakimwita "mama" walianza kununua kwa wengine. Hatimaye aliacha kuuza Kagio, akawa anabeba nyanya za kuuza Sagana kwa karibu mwaka mzima. Hakunichapa wala hakunikemea. Afadhali angenichapa.

Nimekua na swali moja rohoni. Je, Tata aliumia kwa jambo lililomponya mtu, au aliumia bure? Mwaka huu mlezi wa chama chetu aliponipa hoja ya mdahalo isemayo kwamba dawa ya zamani yaweza kutibu ugonjwa mpya, niliona nafasi ya kulijibu. Nilikaa maktabani, nikamsumbua mwalimu wa Biolojia, nikasoma hadi macho yakawa mekundu kama pilipili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Kutengeneza dawa mpya kabisa huchukua miaka mingi, na mgonjwa hawezi kungoja. Dawa ya zamani tayari inajulikana kiasi chake na madhara yake. Tena kuna mfano mzuri. Dawa iitwayo AZT ilitengenezwa mwaka wa 1964 kwa ajili ya saratani, ikashindwa, ikawekwa kando. Mwaka wa 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuidhinishwa nchini Marekani. Kwa hivyo hata dawa za Tata zina ukoo wa kuazima.

Pili, kulikuwa na sababu ya kuiazima lopinavir yenyewe. Virusi havina jiko lake. Huingia katika chembe ya mwili wetu na kupikia humo. Virusi vya UKIMWI hutengeneza protini zikiwa zimeungana kama kamba ndefu, kisha kimeng'enya chake huzikata vipande kama mkasi. Lopinavir huuziba mkasi huo usikate. Virusi vya korona navyo vina mkasi wa namna hiyo. Ugonjwa wa SARS, ambao ni jamaa wa korona, ulipozuka mwaka wa 2003, madaktari wa Hong Kong waliwapa lopinavir wagonjwa 41, wakaonekana kuwa na hali njema kuliko wagonjwa waliotibiwa kabla yao. Hapo ndipo tumaini lilipoota mizizi. Lakini mkasi wa kukatia kitambaa si mkasi wa kukatia bati. Sura zao ni tofauti, na kinachoziba huu huenda kisiuzibe ule.

Tatu, na hapa ndipo nilipoahidi kuwaonyesha Kiswahili, nilisoma habari za ile dawa ya Ebola iliyotajwa redioni, iitwayo remdesivir. Ebola ilizuka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Agosti 2018. Kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katikati ya msiba huo, huku risasi zikilia, wauguzi na madaktari wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walifanya jaribio la dawa nne. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo ambaye amepambana na Ebola tangu ilipogunduliwa mwaka wa 1976. Ulimwengu huliita jaribio hilo PALM. Nilidhani ni Kiingereza, yaani mnazi au kiganja. Kumbe ni kifupi cha maneno matatu ya lugha yetu: Pamoja Tulinde Maisha! Niliposoma hayo nilisimama pale pale maktabani, mpaka mtunza vitabu akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Walifanyaje? Hawakusema huyu ana watoto mpeni hii, wala huyu ni tajiri mpeni ile. Kila mgonjwa aliyekubali aliangukia dawa yake kwa kura, kisha wakahesabu. Kati ya 175 waliopewa remdesivir walikufa 93. Kati ya 174 waliopewa dawa iitwayo mAb114, ambayo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995, walikufa 61. Mwezi wa Agosti 2019 remdesivir ikaondolewa katika jaribio, na dawa mbili bora zikaendelea. Kama wangempa remdesivir mtu mmoja, naye akapona, nao wakaishia hapo wakisherehekea na kuku, wangeendelea kuitumia dawa hafifu na watu wangeendelea kufa.

Jaribio la korona la Shirika la Afya Duniani lilifuata njia ile ile. Liliandikisha wagonjwa 11,330 katika hospitali 405 za nchi 30. Matokeo yakaja mwaka huo huo wa 2020, na mimi niliyasoma miaka kadhaa baadaye nikiwa na kalamu mkononi. Kati ya wagonjwa 1,399 waliopewa lopinavir na ritonavir walikufa 148. Kati ya 1,372 wenzao ambao hawakupewa walikufa 146. Soma tena, msomaji. Tofauti yake haipo. Waingereza nao walijaribu katika hospitali zao, wakapata jibu hilo hilo. Remdesivir nayo haikuonyesha kupunguza vifo katika hesabu hiyo ya kwanza, ingawa jaribio la Marekani lilikuwa limeonyesha kwamba waliopewa walipona kwa siku 10 badala ya 15, na hesabu ya mwisho ya mwaka wa 2022 iliona faida ndogo kwa wasiokuwa kwenye mashine ya kupumulia.

Je, hakuna dawa ya zamani iliyofaulu? Iko, na wala si ya kuua virusi. Tarehe 16 Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ya kutuliza uvimbe mwilini, hupunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Bila kupima, nani angejua hayo?

Barani kwetu pia watu hawakukaa bure. Mwezi wa Novemba 2020 lilitangazwa jaribio liitwalo ANTICOV katika nchi 13 za Afrika, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, la kutafuta dawa ya wagonjwa ambao hawajazidiwa, ili wasifike kulazwa. Nilifurahi kuona kwamba hatukuwa tukingoja majibu ya wengine tu.

Sasa nirudi kwa Baba Pacha. Hakupimwa, kwa hivyo hatujui kama alikuwa na korona au homa ya kawaida. Hata kama alikuwa nayo, watu wengi walioipata walipona bila dawa yoyote maalumu. Na hata kama asingepona wenyewe, hesabu ya 148 na 146 inasema vidonge vya Tata visingemsaidia. Tata alitoa siku saba za uzima wake, na kwa upande wa dawa alizitoa bure. Siku nilipolifahamu hili sikuweza kula chakula cha jioni.

Nilikwenda kwa Mama Pacha. Nilimkuta kwenye cherehani yake, veranda ya duka, akishona sare. Nilimweleza yote. Akatikisa kichwa. "Wewe, mimi niliona kwa macho yangu. Alimeza, akapona."

Nikamwambia, "Mama, mtoto mmoja akija, ukamshonea sare bila kumpima, na kwa bahati ikamtosha, utashona za shule nzima kwa kipimo hicho?"

Alicheka, akasimamisha cherehani. "Hapana. Nitarudishiwa zote." Kisha uso wake ukabadilika. "Kumbe vile vidonge ishirini na vinane..." Hakumaliza. Jioni ile alikuja kwetu, akaketi na Tata jikoni, wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Sikusikiliza. Nimejifunza.

Msomaji, usidhani kisa kinaishia kwa kushindwa. Katika chupa ya Tata mlikuwa na dawa mbili. Lopinavir ndiyo iliyoziba mkasi. Ritonavir kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisiivunje mwenzake upesi, ili idumu mwilini. Wanasayansi waliunda dawa mpya, nirmatrelvir, iliyopimwa kwa mkasi wa korona yenyewe, kisha wakaiweka pamoja na ritonavir hiyo hiyo. Mwezi wa Desemba 2021 Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo, uitwao Paxlovid, kwa matumizi ya dharura. Katika jaribio lake, wagonjwa walio katika hatari kubwa na wasiochanjwa, walioanza kuimeza ndani ya siku tatu, walipungukiwa na uwezekano wa kulazwa au kufa kwa asilimia 89. Kwa hivyo ndani ya lile kopo la majani chai kulikuwa na kitu ambacho kingefaa siku moja, lakini kikiwa na mwenzake wa kufaa, na baada ya kupimwa. Nilipomweleza Tata hayo alicheka kwa mara ya kwanza katika habari hii. "Basi nilikuwa na nusu ya dawa," akasema.

Tata bado anameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Mapema mwaka wa 2021, dawa za msaada zilipokwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa ushuru na zahanati zikapunguza idadi wanayotoa, alihesabu kila kidonge kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho. Safari hiyo mtu asingemwomba, na kama angemwomba, nadhani mama angesimama mlangoni. Amerudi kuuza githeri Kagio. Wateja wengine wamerudi, wengine hawajarudi.

Kwenu wenzangu nina maneno mawili tu. Dawa ya mwenzio si ya kuazima, kwa maana huenda isikufae wewe, na yeye akabaki na pengo. Na siri ya mgonjwa ni yake mwenyewe, hata kama imo katika chupa unayoweza kuisoma. Madaktari wana haki ya kuazima dawa ya ugonjwa mmoja kwa ajili ya mwingine, maana wao hupima kabla ya kumvika mtu.

Nilipomaliza kumsomea Tata karatasi hizi, nilimwomba msamaha kwa sauti. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi. Alinipa ungo wa maharagwe na kusema, "Malizia kuchambua hayo, mwanangu. Kesho ni siku ya soko."